PEMBE NNE ZA MKEKA
Somo juu ya vidonda vya kulalia, kwa wote wanaouguza nyumbani

Andiko la kusoma: Marko 2:1-12
Maandiko mengine: Luka 10:30-37, Kutoka 17:10-13



Somo letu la mwezi huu limeandaliwa na huduma ya wagonjwa ya tawi la Kampala. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mgonjwa anatoka kambini, iwe Nakivale, Kyaka, Rwamwanja au Kyangwali, anatumwa Mulago. Anatibiwa, halafu siku moja anaambiwa: rudi nyumbani, endelea na dawa. Nyumbani ni wapi? Ni chumba kimoja cha kupanga Katwe, Nsambya au Makindye, godoro chini juu ya sementi, na mtu mmoja wa kumwangalia. Ndugu mlio kambini nanyi mna wagonjwa wa namna hiyo: aliyepooza kwa kiharusi, aliyepigwa risasi ya mgongo, aliyeanguka na boda, mwenye kansa, na wazee wetu ambao miguu imekataa. Kwa hao wote, adui anayekuja kimya kimya ni kidonda cha kulalia.

USHUHUDA MFUPI

Kwa aibu nasema jambo hili, maana mimi mwenyewe nilikuwepo. Kulikuwa na papa mmoja wa kanisa letu aliyepigwa na kiharusi. Kila Jumatano tulikwenda kumwombea. Tuliimba, tulisoma Neno, tuliweka mikono juu ya kichwa chake. Tulikuta chumba kinanukia poda, tukasema huyu mama ni msafi kweli. Juma la sita dada mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi kule Bukavu aliomba aangalie mgongo wa mgonjwa. Mama alikataa kwanza, halafu akaanza kulia. Tulipomgeuza papa, tukakuta chini ya mgongo, juu kidogo ya matako, kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia.

Mama alikuwa akikificha. Majirani walikwisha kusema kwamba mtu anayeoza angali hai amelaaniwa. Yeye mwenyewe aliona ni kosa lake. Mchana alikuwa anatembeza vitenge mjini apate kodi ya nyumba, na papa alibaki na mtoto wa miaka kumi. Usiku alijaribu kumgeuza peke yake, lakini mtu mzima aliyepooza ni mzito, usingizi nao ulimshinda. Ndipo nikahesabu: siku ile tulikuwa watu kumi na wawili ndani ya chumba kile. Majuma yote hayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinua shuka.

Basi somo hili halikuandikwa ili kumhukumu anayeuguza. Limeandikwa ili sisi wengine tujue kazi yetu.

1. KIDONDA HIKI KINATOKA WAPI?

Hakitoki kwa uchawi wala laana. Hata usafi peke yake hautoshi kukizuia. Fanya jaribio hili sasa hivi. Bonyeza ukucha wako kwa kidole kingine. Unaona chini ya ukucha panakuwa peupe? Damu imesukumwa ikatoka. Achilia: rangi inarudi. Nyama ya mwili inakula na kupumua kwa njia ya damu. Ikibanwa muda mfupi, inavumilia. Ikibanwa masaa kadhaa kati ya mfupa na kitanda, inaanza kufa.

Mbona sisi wazima hatupati vidonda hivyo? Kwa sababu hatutulii. Katika ibada ya masaa manne kwenye benchi la mbao, umejisogeza mara ngapi bila hata kujua? Hata usingizini mtu mzima anajigeuza tena na tena. Mwili unapiga kelele, nasi tunausikiliza. Mgonjwa aliyepooza hasikii kelele hiyo, au anaisikia lakini hana nguvu ya kujisogeza. Ni lazima mtu mwingine asogee kwa niaba yake.

Tena mjue kwamba nyama inaanza kufa huko ndani, karibu na mfupa, ambako ndiko inakobanwa zaidi. Kwa hiyo mara nyingi tundu dogo la juu lina shimo kubwa chini yake.

Sehemu za kuangalia ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: mwisho wa mgongo juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, magoti yanapogusana, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo na masikio. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, angalia ile mifupa miwili ya kukalia. Mwenye plasta ya hospitali au mpira wa mkojo, angalia pia pale plasta au mpira unapogusa ngozi.

2. HATUA ZA KIDONDA

Hatua ya kwanza: ngozi haijafunguka, lakini ina alama isiyoondoka. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipo peusi zaidi kuliko jirani yake, au pa zambarau. Kisha gusa kwa mgongo wa mkono: je, pana joto au baridi kuliko penginepo? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama foam? Je, mgonjwa anasikia uchungu hapo? Angalia kwenye mwanga wa mchana au kwa tochi.

Hatua ya pili: ngozi imechubuka au imetoa lengelenge.

Hatua ya tatu: ngozi imeisha, shimo limefika kwenye mafuta ya mwili.

Hatua ya nne: shimo limefika kwenye nyama ya ndani, mishipa au mfupa.

Kuna pia kidonda kilichofunikwa na gamba jeusi, ambacho kina chake huwezi kukijua kwa macho. Gamba la namna hiyo usilibandue wala kulikata nyumbani.

Hatua ya kwanza inaweza kupona ndani ya siku chache kama uzito utaondolewa mahali pale. Hatua ya nne inachukua miezi mingi, na wengine inawaua kwa sumu ya kidonda kuingia katika damu. Kwa hiyo angalieni ngozi yote kila siku, asubuhi na jioni.

3. MKIMBIZI MMOJA ALIYEKATAA KUZOEA

Zamani hata huko Ulaya watu walidhani kidonda hiki hakizuiliki. Askari aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa pembeni angojee kufa, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa uchafu wa mkojo.

Mwaka 1939 alifika Uingereza daktari mmoja Myahudi, jina lake Ludwig Guttmann, pamoja na mke wake na watoto wawili. Walikuwa wamekimbia Ujerumani ya Hitler. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwaka 1944 akapewa wodi ya waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, bila kukosa. Mwenyewe alipita usiku kuhakikisha. Wagonjwa waliodhaniwa ni wa kufa wakaanza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na mashindano yale ndiyo yaliyokua yakawa michezo ya Paralimpiki tunayoisikia leo.

Dawa zilisaidia, lakini bila mikono ya kugeuza zisingetosha. Na mikono hiyo hata sisi tunayo.

4. PEMBE NNE

Katika Marko sura ya pili tunasoma habari za mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu. Waliombeba walikuwa wanne. Mtu mmoja asingeweza kumpandisha darini. Mkeka una pembe nne, na kila pembe inahitaji mtu. Tugawe basi kazi ya kuzuia kidonda katika pembe nne.

Pembe ya kwanza: KUGEUZA

Mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila masaa mawili. Mfano wa ratiba ni huu:

- Saa 12 asubuhi: aoshwe, ngozi iangaliwe, alale upande wa kushoto
- Saa 2: chali, anywe uji
- Saa 4: upande wa kulia
- Saa 6 mchana: chali, chakula
- Saa 8: upande wa kushoto
- Saa 10: upande wa kulia
- Saa 12 jioni: chali, chakula, ngozi iangaliwe tena
- Saa 2 usiku: upande wa kushoto, na kuendelea hivyo hadi asubuhi

Andikeni ratiba kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, na kila anayegeuza aweke alama. Simu ya mkononi inaweza kupiga kengele. Kama godoro ni zuri na asubuhi ngozi haina alama yoyote, usiku mnaweza kurefusha polepole hadi masaa matatu au manne, ili anayeuguza naye alale. Mkiona alama, rudini kwenye mawili.

Msimlaze ubavu kabisa, maana atalalia mfupa wa nyonga. Mwinamisheni tu nusu, mto au blanketi lililokunjwa likae nyuma ya mgongo wake, uzito uangukie kwenye nyama ya tako. Wekeni kitambaa laini katikati ya magoti. Chini ya mashavu ya miguu wekeni mto, visigino vining'inie bila kugusa kitanda.

Kama kidonda kimekwisha kutokea mahali fulani, asilale tena upande huo mpaka kipone. Mwenye kidonda juu ya matako abadilishwe kushoto na kulia, asilale chali.

Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono au ainame mbele na pembeni kila robo saa hadi nusu saa, kwa dakika moja au mbili. Asiyeweza asaidiwe. Asikae siku nzima kwenye kiti bila foam ya kukalia.

Pembe ya pili: KUINUA, SI KUBURUTA

Tunapomvuta mgonjwa kwa makwapa ili apande juu ya kitanda, ngozi inabaki nyuma na nyama inakwenda mbele. Ndani inachanika. Afadhali mlaze juu ya shuka imara au kitenge kilichokunjwa mara mbili, toka mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike pande mbili, wahesabu pamoja moja, mbili, tatu, wamwinue na kumsogeza. Wakiwa wanne ni rahisi zaidi. Hata migongo ya wauguzaji itapona.

Akiketishwa kitandani baada ya chakula, msimwache amekaa nusu wima masaa mengi, maana anateleza chini polepole na mwisho wa mgongo unasuguliwa. Kwa aliyepooza kwa kiharusi, ni kweli anatakiwa kuketi wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, asije akapaliwa. Baada ya hapo ashushwe.

Godoro nalo lipimwe. Mgonjwa akiwa amelala, pitisha mkono wako chini ya godoro, kiganja kikiangalia juu, chini ya matako yake. Ukihisi mfupa, foam imekwisha. Ongezeni foam nyingine au mablanketi. Shuka ivutwe isiwe na mikunjo, makombo yafutwe, na mishono minene isikae chini yake.

Kuna wanaotengeneza duara la nguo, au kutumia mpira wa ndani wa gurudumu, ili kidonda kikae katikati ya tundu. Msifanye hivyo. Ukingo wa duara unabana damu pande zote na kidonda kinakosa chakula.

Pembe ya tatu: UKAVU NA USAFI

Ngozi iliyolowa mkojo au jasho inalainika kama karatasi iliyolowa. Akijichafua, aoshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaushwe kwa kugusagusa kitambaa, si kwa kusugua. Halafu mpakeni Vaselini kidogo kwenye matako na mapajani ili mkojo usiingie katika ngozi. Hapa ngozi iwe nzima. Vaselini si dawa ya kidonda.

Pampasi za watu wakubwa ni ghali kwa wengi wetu. Kateni vitenge au fulana kuukuu za pamba, mfue, mchemshe, muanike juani. Chini ya shuka mnaweza kuweka kaveera pana kukinga godoro, lakini plastiki isiguse ngozi hata kidogo, maana inatoa jasho.

Mahali penye alama nyeusi pasikandwe wala kusuguliwa kwa mafuta kwa kufikiri mnarudisha damu. Nyama iliyo chini imeumia tayari. Kuikanda ni kuivunja zaidi.

Pembe ya nne: CHAKULA

Kidonda kinajengwa upya kwa vyakula vya kujenga mwili. Mgonjwa anayepewa chai na mkate peke yake hana cha kujengea. Mpeni maharage, yai, maziwa, karanga za kusaga ndani ya sombe, na ndagala, ambazo hapa Kampala sokoni huitwa mukene. Ni za bei nafuu, na zikisagwa unga mnaweza kuchanganya katika uji wake. Ongezeni matunda na mboga za majani. Asiyeweza kula sana apewe kidogo kidogo mara nyingi. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Mwenye kisukari anywe dawa zake bila kukosa, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi.

5. KIDONDA KIKIWA KIMEKWISHA KUFUNGUKA

Jambo la kwanza ni lile lile: ondoeni uzito juu yake. Hakuna dawa itakayoponya kidonda ambacho mtu bado anakilalia.

Kisha onyesheni kidonda kwa muuguzi au daktari mapema, awaelekeze. Kwa kazi ya kila siku nyumbani:

a) Mpeni mgonjwa dawa ya uchungu aliyoandikiwa nusu saa kabla ya kuosha.

b) Chemsheni maji safi lita moja, tieni kijiko kidogo kimoja cha chumvi, funikeni yapoe. Yatengenezwe mapya kila siku.

c) Oshani mikono kwa sabuni. Vaeni glavu. Asiye na glavu atumie kaveera safi kama mfuko wa mkono.

d) Ondoeni kitambaa cha zamani. Kikiwa kimeshika, kiloweshwe kwanza kwa maji ya chumvi. Mwagieni kidonda maji hayo taratibu mpaka uchafu utoke. Msisugue.

e) Funikeni kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, na juu yake kitambaa kikavu kisafi. Shimo lisishindiliwe, gozi iingie kwa ulaini tu. Badilisheni kila siku, na kila mara kitambaa kinapolowa au kuchafuliwa na choo.

Asali halisi, isiyochanganywa na sukari, imetumika tangu zamani kupakwa kwenye gozi, na wauguzi wengi wanaikubali kwa vidonda vya namna hii. Waulizeni kwanza kama inafaa kwa kidonda chenu.

Msitie spiriti, hidrojeni peroksaidi, majivu, dawa ya meno, unga wa vidonge mlivyojinunulia, majani ya kusaga wala kinyesi cha ng'ombe. Vingine vinaunguza nyama changa inayoota, na vingine vinaleta pepopunda. Poda ya harufu nzuri nayo inaficha harufu tu, na kidonda kinaendelea kuchimba.

Harufu ni mzigo mkubwa kwa mgonjwa, kwa sababu inafukuza wageni. Msiifiche, ina msaada. Wauguzi wanaotunza wagonjwa mahututi hutumia vidonge vya metronidazole vilivyosagwa, wakivinyunyiza kwenye kidonda kwa kipimo. Waombeni wao wawaonyeshe.

6. WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Msingojee siku ya maombi ikiwa mnaona mojawapo ya haya: homa au kutetemeka, mgonjwa kuchanganyikiwa au kulala usingizi usio wa kawaida, uvimbe au joto linaloenea kuzunguka kidonda, usaha mwingi, mfupa kuonekana, nyama nyeusi, damu isiyokoma.

Kwa aliyevunjika shingo au mgongo wa juu kuna hatari nyingine ya pekee: kichwa kumgonga kwa ghafla kwa nguvu na jasho kumtoka usoni. Mketisheni wima mara moja, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, na mpelekeni upesi.

Tuwakumbushe pia haki yetu. Mkimbizi anatibiwa katika vituo vya serikali ya Uganda kama raia. Chukueni kadi yenu na karatasi za hospitali. Asiyejua Luganda wala Kiingereza aende na mtu wa kumfasiria. Vijana wetu waliosoma hapa wanaweza kazi hiyo. Kwa wenye kansa na maumivu makali, kule Makindye kuna Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dokta Anne Merriman. Ndiyo iliyoleta katika nchi hii morfini ya kunywa kwa ajili ya maumivu ya namna hiyo, na wauguzi wake wamezoea kuwafuata wagonjwa nyumbani.

7. KAZI YA KANISA

Msamaria wa Luka sura ya kumi hakuishia kuhurumia. Alishuka, akagusa jeraha, akalifunga. Lakini angalieni tena: hakubaki pale peke yake hadi mwisho. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha, akasema atarudi. Naye Musa, mikono ilipochoka, Haruni na Huri waliishikilia. Neno la Mungu halituambii popote kwamba anayeuguza asichoke. Linatuonyesha watu wanaokuja kumshika.

Kwa ajili ya papa yule tuligawana hivi. Nyumba nne zilizo karibu zilichukua zamu. Wamama wa maombi walikuja asubuhi kumwosha na kuangalia ngozi. Kijana mmoja asiye na kazi alikaa naye saa 4 hadi saa 10, ili mtoto arudi shule na mama aende na vitenge vyake. Mashemasi walipita jioni kumwinua. Usiku mama aliamka mara mbili tu, kwa sababu mchana alikuwa amesaidiwa. Kikapu cha Jumapili ya kwanza ya mwezi kilinunua gozi, glavu na foam ya pili.

Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Papa hakutembea tena, lakini anaketi kwenye kiti na anakuja ibadani, nasi tunamkumbusha kujiinua katikati ya mahubiri. Mama yule ndiye anayefundisha wengine sasa. Akiingia nyumba yenye mgonjwa, anasalimu, anaomba, halafu anauliza kwa upole: "Mnaniruhusu niangalie mgongo wake?"

Nasi tuanze kuuliza hivyo. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe kwanza, maana mwili ni wake na heshima ni yake. Wanaume wamwangalie mwanaume, wanawake wamwangalie mwanamke, mlango ufungwe, na yaliyoonekana yasitoke nje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA SELI

1. Katika seli yetu kuna nani asiyeweza kujigeuza mwenyewe? Ni lini mara ya mwisho mtu alimwangalia ngozi?
2. Ni nani anayemuuguza? Analala masaa mangapi kwa usiku?
3. Kwa nini watu wanaficha kidonda? Sisi tumesema maneno gani yaliyowafanya waone aibu?
4. Katika Marko 2, imani ambayo Yesu aliiona ilikuwa ya nani? Ilionekana kwa tendo gani?
5. Andikeni majina ya watu wanne watakaoshika pembe za mkeka kwa mgonjwa mmoja kuanzia juma hili, na masaa ya kila mmoja.

ZOEZI

Kabla ya kuachana, mmoja wenu alale juu ya shuka. Wengine wajifunze kumwinua bila kumburuta, kumwinamisha nusu, na kuweka mto chini ya miguu. Aliyelala aseme anasikia uzito wapi. Kisha wote mwende pamoja kwa mgonjwa.

TUOMBE

Tuwaombee walio kitandani, wasikate tamaa. Tuwaombee wanaoamka usiku kuwageuza. Tuombe Bwana atupe macho ya kuona yaliyo chini ya shuka, na mikono isiyoogopa kugusa. Amina.